Steringi Hafi: Kwa Nini Narudia Filamu Ninazozijua Mwisho

Tulipokuwa watoto Mombasa tulikuwa na kanuni moja ya filamu: steringi hafi. Ukiona mtu kafa, ujue hakuwa steringi, ulikosea kuhesabu. Sholay, filamu ya Kihindi, ndiyo iliyotugombanisha. Amitabh Bachchan (Jai) anakufa, Dharmendra (Veeru) anabaki na mchumba. Sasa steringi ni nani? Ugomvi ule ulianza barazani alasiri na adhana ya magharibi ikatukuta hatujaelewana.

Kanda ilikuwa ya jirani, deki ya ami yetu, na maandishi ya tafsiri hayakuwapo. Mkalimani alikuwa kakangu mkubwa, na Kihindi chake chote alikitoa kichwani. Kuna mahali majambazi wanavamia kijiji siku ya Holi, sikukuu ya rangi ya Wahindu. Jai na Veeru wamebanwa, bunduki iko chini miguuni mwa Thakur, mzee aliyewakodi, naye anaitazama tu, haiokoti. Kakangu akatangaza, bila kupepesa macho, kwamba mzee amekula yamini ya kutoshika silaha. Dakika chache baadaye shali likaanguka, na sote tukaona kwamba Thakur hana mikono. Hatukumwachia kwa wiki nzima.

Nimeirudia filamu hiyo mara nyingi tangu hapo, na watu hunicheka: unajua nani atakufa, unatazama nini? Natazama shali. Ukishajua kwamba Gabbar Singh, mkuu wa majambazi, alimkata yule mzee mikono, Sanjeev Kumar anayemwigiza unamwona upya tangu mwanzo. Unaona anavyosimama, na jinsi mtumishi wake asivyomwacha mbali. Mara ya kwanza macho yako yote yalikuwa kwa wenye bunduki, na ilikuwa haki yako.

Au chukua ile sarafu. Jai na Veeru wakishindwa kuamua jambo, Jai hurusha sarafu. Ndiyo iliyoamua wampeleke Thakur hospitali alipojeruhiwa kwenye treni, akiwa polisi anayewapeleka jela, wakati wangeweza kutoroka. Ndiyo iliyoamua mwishoni nani abaki nyuma kupambana na majambazi. Jai akishakufa, Veeru anaigeuza na kukuta pande zote mbili zina picha ile ile. Mara ya kwanza unalia. Mara ya pili unaanza kuhesabu: kumbe kila mara aliyeamua ni Jai mwenyewe, akamsingizia sarafu. Filamu iliyotoka mwaka 1975 inakupa hadithi nyingine kabisa, na hujalipa senti ya ziada.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kabla hujabonyeza, chagua mtu mmoja ambaye si steringi, umfuate yeye tu. Mtumishi, mjane, hata adui. Wa pili, usirukishe nyimbo. Najua zina urefu, na Sholay peke yake inapita saa tatu, lakini waongozaji wa wakati ule walizitumia nyimbo kusema mambo ambayo wahusika wasingethubutu kuyatamka. Simu iache chumba kingine. Na ulizia nakala unayotazama ni ipi: katika mwisho wa awali Thakur anamuua Gabbar kwa viatu vyenye misumari, wakaguzi wa filamu wa India wakakataa, ndipo ikapigwa ile ambayo polisi wanafika na kumzuia. Miaka yote hiyo sisi tuliona ya polisi.

Ukitaka kuanza na kitu chepesi, tafuta Columbo, ule mfululizo wa Marekani wa Peter Falk na koti lake lililokunjamana. Humo muuaji unaonyeshwa mwanzoni kabisa, kwa hiyo hata mara ya kwanza hukuwa ukitafuta nani kaua. Raha ni kumtazama mtu mwenye kiburi akizungushwa taratibu na askari anayejifanya msahaulifu. Kipindi kimoja cha mwaka 1971 kiliongozwa na Steven Spielberg akiwa na miaka 24.

Si kila kitu kinastahili, lakini. Mwaka juzi nilikaa kutafuta vipande vya zamani vya Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha runinga ya Kenya, nikatarajia kuvunjika mbavu. Mzee Ojwang' bado ananichekesha, Mungu amrehemu, na Mama Kayai akikasirika bado nakaa sawa kwenye kiti. Ila vichekesho vingine vilikuwa vya kucheka kabila la mtu anavyotamka, na nilijikuta nimenyamaza mahali ambapo zamani nilikuwa nikijipigapiga mapaja. Sijutii kuvitazama. Nasema tu, kama kuna kipindi unakipenda kwa sababu ya watu uliokaa nao kukitazama, pengine kiache huko huko.

Baada ya Idi niliiweka Sholay sebuleni, mamangu akaja kuketi na sinia la mchele wa kuchagua. Ikafika ile sehemu ambayo tulikuwa tukiipeleka mbele utotoni kwa sababu haina ngumi: jioni, Jai amekaa nje anapuliza kinanda cha mdomo, na Radha, mjane aliyevaa nyeupe, anazima taa za roshani moja baada ya nyingine. Hawasemezani. Mkono wa mama ulisimama juu ya mchele.

"Hebu rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha. Taa zikawaka, zikazimwa tena.

"Huyu kijana naye atakufa?"

Nikamgeukia. "Mama, si filamu hii tuliitazama humu humu, kila likizo? Nyimbo zake zote unaziimba."

"Nazijua nyimbo," akasema, akirudi kwenye sinia. "Mulipokuwa mukitazama mimi nilikuwa jikoni."