Ombi la Maombi Si Kibali cha Kutoa Siri

Jumapili iliyopita mlezi mmoja mpya alisimama kikaoni akatusihi "tumwombee sana" muumini fulani wa darasa lake, kisha, kwa sauti ya unyenyekevu kabisa, akatutajia yote aliyoambiwa faraghani. Walezi wapendwa, mtatuua. Shikeni haya manne:

1. Anayerudi kundini mpeni chakula kabla ya maswali. Katika Yohana 21 samaki na mkate vilikuwa tayari, na Petro hakuulizwa neno mpaka walipokwisha kula.

2. Sura hiyo isomeni pamoja na ya 18, kwa maana moto wa makaa umo kote kuwili: penye wa kwanza Petro alimkana Yesu, na penye wa pili Yesu akamwuliza mara tatu kama anampenda, hata Petro akahuzunika. Kumrejesha mtu, basi, si kumbembeleza. Lakini angalieni kwamba aliyeuliza ndiye aliyekanwa, ilhali sisi wazee tusiokosewa lolote ndio wenye maswali mengi.

3. Asiyeonekana Jumapili mbili, mpigieni simu.

4. Siri. Miaka mingi iliyopita kijana wa kwaya aliniungamia kwamba alikuwa ametumia fedha za sare, na kwamba alikwisha kuanza kuzirudisha kidogo kidogo. Niliomba naye, nikamkumbatia, na jioni ileile nikawaeleza wazee saba "ili tumbebe katika maombi". Ukweli ni kwamba nilifurahia kuonekana mlezi anayeaminiwa. Kufikia mazoezi ya Jumatano kwaya nzima ilikuwa na habari. Alikuja na joho lake limepigwa pasi, akaliweka juu ya benchi la sauti ya nne, akatoka bila kuaga.

Kwa miaka miwili nilijiambia kwamba nilitenda kwa upendo. Hatimaye nilimfuata kwenye banda lake la chipsi, nikiwa na hotuba ndefu ya toba. Alinifutia kiti, akanimiminia chai, akageuza viazi huku akinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimekusamehe, Mwalimu," akasema. "Na wale saba, umewaambia nini?"

Sikuwa nimewaambia kitu. Ilinichukua majuma matatu kuwazungukia nyumba kwa nyumba, nikikiri kwamba nilikuwa nimemsaliti mtoto wa watu. Sita walinisikiliza. Wa saba aliniuliza ni kijana yupi, maana alikwisha kumsahau.