Maswali na Majibu: Bibi Naye Yumo Safarini

SWALI: Nina gesti ya vyumba 12 Mikumi. Bei ni shilingi 90,000 kwa kichwa, kulala na milo miwili. Nimetangaza ofa ya familia, baba, mama na watoto wawili, kwa 220,000. Simu zinaingia, lakini wengi wakishatajiwa bei hawarudi. Tatizo ni nini?
Mwenye gesti, Mikumi

JIBU: Ndugu yetu, familia uliyoitangaza siyo inayokupigia simu. Inayotoka Dar au Dodoma mara nyingi ina bibi, mtoto wa shangazi na dada wa kazi. Chukua watu 7: ofa inabeba 4, watatu waliobaki wanalipa 270,000. Hao watatu wamewazidi bei wale wanne! Jumla ni 490,000, na hakuna mama atakayemwambia mkwewe abaki nyumbani. Safari nzima inakufa hapo.

Tenganisha chumba na chakula. Shuka hufuliwa ileile alale mmoja au wawili. Kinachoongezeka ni sahani. Kwa mfano, chumba 130,000, chakula cha mtu mzima 25,000, cha mtoto 12,000. Mke na mume watalipa 180,000 kama sasa. Ile familia, wazima 4 na watoto 3 katika vyumba 2, italipa 396,000. Piga kwanza hesabu ya jiko lako ndipo utangaze.

Umri wa mtoto ulingane na wa TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) kwenye geti la mbuga: chini ya miaka 5 bure, 5 hadi 15 mtoto, kuanzia 16 mtu mzima. Ukiweka kikomo chako miaka 12, mzazi atapiga hesabu mbili tofauti na kuhisi anaibiwa.

Tena, anayepiga simu si lazima awe mlipaji. Mara nyingi ni mama au shangazi anayekusanya michango ya ndugu kwenye kundi la WhatsApp. Mtumie picha moja yenye jumla kamili, tarehe ya mwisho ya kulipa na picha ya chumba cha bibi: cha chini, kitanda kisichoinuka sana, choo cha kukaa. Neno "kuanzia" mbele ya bei lifute. Linaleta ubishi kundini. Pokea malipo kwa awamu, kwa simu. Tangaza wiki 6 hadi 8 kabla ya likizo ya Juni na ya Desemba, michango ipate muda.

Mbugani, wenye watoto wadogo watoke saa 12:30 asubuhi, saa 3:00 wawe wamerudi. Gari liwe na kigoda cha kumpandishia bibi. Waambie mapema wasivae bluu wala nyeusi. Mbung'o huzifuata rangi hizo.

SWALI: Nalea watoto wawili peke yangu. Mbona hotelini natozwa kama tuko wazima wawili?
Mama, Tanga

JIBU: Dada, hoteli nyingi hupanga bei ya chumba kwa wazima wawili, hivyo mtoto wa kwanza huhesabiwa kwenye nafasi ya mzima wa pili. Kabla ya kulipa, uliza: "Mzima mmoja na watoto wawili, chumba kimoja, jumla ngapi?" Jibu likupate kwa maandishi. Mkivuka mpaka, beba vyeti vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzako, au hati inayoonyesha kuwa malezi ni yako.