Makaroni ya sufuria moja: maji hayo unayamwaga ya nini?

Wiki mbili zilizopita, nikiwa nalalamikia bei ya mkaa, niligusia kwamba kwangu makaroni hupikwa ndani ya sufuria ile ile ya mchuzi na maji hayamwagwi. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja kutoka Gungu na mitaa mingine ya hapa Kigoma mpaka Tabora, mengine ya kuuliza na mengine ya kunigombeza. Nayajibu yanayojibika.

Shikamoo shangazi. Nimepanga chumba kimoja hapa Gungu, nina jiko la gesi la kichwa kimoja. Nikiweka maji kidogo makaroni yanashika chini, nikiweka mengi nakula supu. Kipimo ni kipi?

Marahaba mwanangu. Kwanza ujue unachokipika. Makaroni ni unga wa ngano uliokandwa na kukaushwa, na yakichemka hutoa wanga wake majini. Yale maji meupe tuliyofundishwa kuyamwaga nje ndiyo yanayofanya mchuzi uwe mzito na ushike kwenye makaroni. Sisi tunayamwaga, halafu tunarudi dukani kununua nyanya ya kopo ili mchuzi usiwe mwepesi!

Kwa pakiti ya nusu kilo, inayoshibisha watu wanne au watano, tayarisha maji ya moto lita moja na robo, uyaweke kwenye chupa ya chai. Kaanga vitunguu maji viwili mpaka vibadilike rangi, tia punje nne za kitunguu swaumu, kisha nyanya tano zilizoiva kabisa. Hapo usiwe na haraka. Nyanya zipondeke, zikauke, mafuta yajitenge pembeni. Nyanya mbichi haitaivia ndani ya makaroni, itabaki na ule uchachu wake mpaka mezani. Tia karoti na hoho kama unavyo, kisha makaroni makavu hivyo hivyo, ugeuze kama dakika moja. Mimina lita moja ya maji na chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu. Ile robo iache kwenye chupa.

Yakichemka punguza moto, funika nusu, na kila baada ya dakika mbili pitisha mwiko mpaka chini kabisa. Hii si wali, ukiyaacha yatulie yatagandana. Kama maji yameisha na kiini bado kigumu, ongeza kidogo kutoka kwenye chupa. Yawe ya moto tu, usitie ya baridi. Baada ya dakika kumi au kumi na mbili yatakuwa laini huku mchuzi unaonekana mwepesi kidogo. Zima hapo hapo, funika, subiri dakika tano. Yanaendelea kunywa maji hata gesi ikiwa imezimwa, na anayesubiri mchuzi ukauke motoni atapakua tofali.

Na sufuria iwe pana. Ile ndefu nyembamba ya kuchemshia maziwa ndiyo inayokuunguzia.

Nimeyapika ndani ya mchuzi bila kumwaga maji kama ulivyosema, lakini yamekuwa bokoboko. Nimekosea wapi? Msomaji, Katubuka.

Huenda hukukosea. Geuza pakiti usome yametengenezwa kwa nini. Yale ya ngano ngumu, mara nyingi wameandika neno durum, huvumilia kuchemkia ndani ya mchuzi bila kuvunjika. Ya unga wa ngano wa kawaida ni bei nafuu, ila hulegea upesi na kutoa wanga mwingi. Mimi mwenyewe niliwahi kununua pakiti za bei ya kutupa kwa ajili ya wageni, nikaenda mlangoni kuwapokea, niliporudi nimekuta uji wa makaroni. Tuliula, na hakuna aliyesema kitu, ndipo nikajua ulikuwa mbaya kweli. Ukiwa na ya aina hiyo, punguza maji yabaki lita moja kasoro na uanze kuonja dakika ya sita.

Mama mkwe wangu wa Ujiji anapika makaroni kwa mawese. Mimi nimekulia Dodoma, naona kama ni kuharibu chakula. Nisemeje?

Usiseme kitu, mwanangu, chukua sahani.

Mawese ni mafuta ya huku kwetu, na hayaombi ruhusa kwa makaroni wala kwa tambi. Ule wekundu wake unatokana na kirutubisho kile kile kinachoipa karoti rangi, ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Tatizo ni watu kuyaunguza. Wapo wanaoyaacha motoni mpaka yatoe moshi na kupauka, wakidhani wanaondoa harufu. Wanaondoa harufu kweli, na rangi, na kile kirutubisho pia. Yapashe taratibu, vitunguu viingie kabla hayajatoa moshi. Kwa nusu kilo ya makaroni vijiko viwili vya mezani vinatosha, kwa sababu ladha yake ni nzito. Tangawizi mbichi iliyopondwa huenda nayo vizuri sana, na pilipili moja nzima ielee juu bila kupasuka.

Mambo mawili tu. Usichanganye mawese na maziwa wala jibini, havielewani. Na kuleni chakula kikiwa cha moto, maana mawese yakipoa huganda na kuacha utando kwenye midomo. Labda hicho ndicho kilichokuudhi, ulikula kiporo.

Shangazi, dagaa kwenye makaroni wanaingia lini? Na mchanga nautoaje? Niko Mwanga.

Umeuliza swali ninalolipenda. Dagaa wetu hawa huvuliwa usiku kwa taa, asubuhi wanaanikwa, na alipoanikwa ndipo habari ilipo. Waliokaushwa kwenye vichanja vya wavu huja wasafi. Waliomwagwa mchangani huja na ufukwe mzima. Wa kichanja ni ghali zaidi, lakini ukipima na uliowatupa kwa sababu ya mchanga, sioni kama umeokoa hela. Sokoni chukua wachache uwasugue kiganjani, kisha tazama kiganja.

Nyumbani toa vichwa. Watie kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, wazungushe kidogo, uwatoe kwa mkono. Narudia, kwa mkono. Ukimimina beseni kwenye chujio umewarudishia mchanga wote uliokuwa umetuama chini. Badilisha maji mara tatu, au mpaka ukipapasa chini ya beseni usisikie chenga. Wakaushe, uwakaange peke yao mpaka wawe wakavu wa kuvunjika, nyunyizia limau, uwaweke pembeni. Wanaingia kwenye sufuria dakika tatu za mwisho. Ukiwatia mapema na ule mwiko wa kila dakika mbili, watasagika, mchuzi uwe na rangi ya majivu na watoto wakimbie meza. Na chumvi punguza mpaka uonje.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, nilipika haya haya kwa maharage kutoka Kasulu. Chemsha maharage mpaka yaive kabisa ndipo yakutane na nyanya, kwa sababu ule ukali wa nyanya huyachelewesha kulainika. Ukiyatia yakiwa nusu mbichi, makaroni yatakufa yakiyasubiri.

Nimehamia Tabora kikazi. Makaroni niliyokuwa naivisha dakika kumi Kigoma, huku hayaivi. Nimeambiwa ni mwinuko. Kweli?

Kweli kidogo. Maji hupungukiwa kama nyuzi moja ya joto la kuchemka kwa kila mita 300 unazopanda. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, Tabora ni kama 1,200. Kwa hiyo maji yako sasa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na ulikotoka yalichemka kwenye 97 na kitu. Hiyo ni dakika moja au mbili za ziada, siyo kushindwa kuiva. Umehama na jiko lako lile lile? Maana nadhani mkosaji ni mkaa uliofifia na mfuniko ulioachwa wazi. Maji yasiyochemka hayaivishi makaroni hata ukiwa Dar es Salaam.

Na kwa kuwa uko kwenye karanga, zikaange, zitwange, vijiko vitatu vikorogwe kwa maji ya moto na viingie dakika tano za mwisho kwa moto mdogo. Karanga zinashika chini haraka kuliko kitu chochote nilichowahi kupika.

Tambi ndefu ni lazima zivunjwe?

Sufuria ikiwa ndogo, vunja. Waitalia wanachukia, lakini hawatakuja kuosha vyombo vyako.

Sina friji. Yakibaki usiku naweza kula asubuhi?

Hapana, na hasa kwa joto letu. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemsha. Chakula kikikaa vuguvugu huzaliana, na vingine huacha sumu ambayo hata ukikichemsha tena asubuhi haitoki. Chakula cha wanga kilichopikwa kisikae nje zaidi ya muda wa saa mbili. Kwa hiyo pima kabla ya kupika: kikombe cha chai kilichojaa makaroni makavu, karibu gramu 100, kinamtosha mtu mzima mmoja. Kikibaki, gongea jirani usiku huo huo.

Mume wangu anakula, anasifia, halafu anauliza ugali uko wapi. Nifanyeje? Bangwe.

Zidisha maharage, kikombe kimoja na nusu yaliyoiva kwa nusu kilo. Akiuliza tena, songa kaugali kadogo umwekee pembeni, ayale makaroni kama mboga. Marehemu baba alikula hivyo mpaka mwisho, tena alikuwa anamega tonge kabisa, anachovya kwenye mchuzi, na kumwambia mama kwamba hii mboga ya leo imekatwa vizuri.