Umepiga imidaklopridi na vidukari bado wapo? Usikimbilie kuongeza kipimo

Mkuu, umesema jana umepulizia nyanya, leo vidukari bado wapo, muuza pembejeo kakwambia uongeze kipimo, na dawa itakayobaki umalizie kwenye matikiti yaliyoanza kuchanua. Yote mawili acha kwanza. Nalima bustani za kiangazi upande wa Igombe, hapa Tabora, na dawa hii naitumia.

Imidaklopridi ni sistemiki: inaingia ndani ya mmea na kupanda na maji. Kidukari anaipata anapofyonza utomvu, inamvuruga mishipa ya fahamu. Anaacha kula mapema, ila kufa kwaweza kuchukua siku kadhaa. Kwa hiyo tazama majani machanga kama yanaendelea kujikunja, usihangaike na waliobaki leo.

Kwa sababu inapanda na maji, mimi hupendelea inayoruhusiwa kumwagiwa shinani, baada ya kupandikiza, udongo ukiwa na unyevu. Jua la Septemba ulijue, ardhi ikikauka mmea hauivuti. Ukipulizia, inapenya jani lililolowa na kusogea kuelekea ncha, kurudi chini ni kidogo mno. Ndiyo maana anayepita na bomba mbiombio juu juu huwa analalamika dawa feki. (Feki zipo pia, sikatai.)

Kantangaze (kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya) usimtegemee afe kwa hii. Ni dawa ya wafyonzaji kama vidukari na inzi weupe. Utitiri mwekundu nao haufi, wakati mwingine unazidi kwa kuwa wadudu wanaoula wameuawa. Halafu kutoka imidaklopridi kwenda asetamipridi au thiamethoksamu si kubadilisha dawa. Zote ni kundi 4A, yaani zinaua kwa njia ileile, wadudu wakizoea moja, nyingine nazo zinaanza kugoma.

Sasa matikiti. Hapo nakuwa mkali. Sumu iliyo ndani ya mmea inafika hadi kwenye chavua na nekta, na tikiti bila nyuki halishiki tunda. Mkoa wenyewe huu ni wa asali, mizinga imejaa kwenye miombo! Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulizuia imidaklopridi kwenye mazao yanayolimwa nje, ibaki kwenye vitalu nyumba tu, sababu ni nyuki haohao.

Nyanya zinazokaribia kuiva, fuata siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo. Kuosha hakutoshi, dawa nyingine imo ndani ya tunda.

Tupia picha ya lebo na ya mgongo wa jani, tuone kama hata ni vidukari.