Maswali ya Wasomaji: Mizani Imekataa Vigae Vyangu

SWALI: Kontena langu la futi 20, lenye vigae na masinki ya choo, lilikuwa na tani 28. Lori na tela lake tupu ni tani 16, jumla 44. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu 56. Mbona limezuiwa mizani njia ya Tunduma?
Mfanyabiashara, Mbeya

JIBU: Hiyo 56 ni ya lori la ekseli saba (ekseli ni mhimili unaoshika magurudumu ya pande mbili). Kama lako ni la ekseli sita, kama yalivyo mengi, hesabu yake ni tani 8 ekseli ya mbele, 18 zile mbili za nyuma za kichwa cha lori, na 24 ekseli tatu za tela. Kila kundi hupimwa peke yake. Hizo ni 50, kwa hiyo jumla yako ya 44 ni nzuri. Angalia risiti ya mizani, mstari wa tela. Hapo ndipo penye kesi.

Masinki ni mepesi na yana nafasi nyingi ndani. Wapakiaji wakianza nayo, vigae humalizikia mlangoni, na mlango kwa kawaida hutazama nyuma. Kontena limekaa katikati ya tela sawasawa, lakini uzito umesogea nyuma. Kwa tela la kawaida, uzito wa tani 28 ukisogea sentimita 70 tu, ekseli za tela zinaongezewa kama tani 2.5. Zilizokuwa na 24 zinasoma 26 na nusu, huku kichwa kikiwa na nafasi ya bure.

Cheti cha uzito kinachodaiwa na meli tangu Julai 2016 hakikusaidii hapa: kinasema kilo ngapi, hakisemi zimelalia wapi. Mwandikie muuzaji kabla hajapakia: vigae vitandazwe chini sakafu nzima, masinki juu yake, na akutumie picha ya kila hatua. Kama kontena limeshafika, omba bandarini ligeuzwe mlango utazame kichwa cha lori. Winchi ipo pale pale. Barabarani utaitafuta kwa bei ya kukomoa. (Kushusha kutakuwa na usumbufu, jiandae.)

Ukali huu una sababu. Lami huumia kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: mzigo ukiwa mara mbili, maumivu ni kama mara 16. Na barabara hiyo ndiyo ya mizigo ya Zambia na Congo.

SWALI: Nichukue futi 40 basi?

JIBU: Kwa vigae, hapana. Lenyewe tupu lina karibu tani 3.7, la futi 20 kama 2.2. Utalipia hewa.