Mkuu, usikaze kamba ya nailoni ikiwa kavu!

Mkuu, simama hapohapo! Unasema Jumamosi unafunga kizimba cha sato pale Igombe, Ziwa Victoria, kwa nailoni mpya, unazikaza kamba ukiwa nchi kavu, halafu ukauliza na nanga, na chakula cha vifaranga. Hayo mawili baadaye. Mimi nilizikaza kavu hivyohivyo. Upepo wa usiku ukasogeza kizimba hadi kwenye mawe, wavu ukasagika, na sato waliokaribia kuvuliwa wakarudi ziwani.

Kamba haikukatika hata uzi mmoja. Ilirefuka! Aliyeniuzia aliniapia kwamba nailoni haijali maji. Uongo mtupu. Nailoni 6, aina mojawapo ya nailoni ya kamba, ikishiba maji hubeba karibu asilimia 9 ya uzito wake. Nilimpelekea kipande kilichokauka juani, kigumu kama kipya, akakivuta mbele ya wateja na kunicheka: "Kamba yako nzima hii, mzee."

Kukauka huko ndiko kunakodanganya. Molekuli za nailoni ni minyororo mirefu iliyolala sambamba, na haidrojeni ya mnyororo huu inavutana na oksijeni ya mnyororo wa jirani. Kushikana huko, yaani bondi ya haidrojeni, hakufiki hata sehemu moja ya kumi ya nguvu ya bondi ya kaboni kwa kaboni inayounda mnyororo wenyewe, lakini bondi hizo ziko nyingi mno, na kwenye kamba kavu zinaibana minyororo isiteleze. Maji yakipenya yanashika nafasi hizo: bondi zinaachia, zinashikana kwingine, zinaachia tena, na kila mawimbi yanapovuta, minyororo inasogea kidogo. Nailoni 6 kavu huanza kulainika karibu nyuzi 50 za Selsiasi. Ikiloa, kiwango hicho kinashuka chini ya joto la ziwa letu. Ianike, maji yatoke, bondi zinarudi, kamba inakakamaa tena, na muuzaji anapata cha kukuchekea.

Kwa hiyo izamishe ziwani kutwa kucha, ndipo uikaze, ikiwa inachuruzika maji. Baada ya upepo wa kwanza rudi na mtumbwi uikaze tena. Na uzito wa kubeba ulioandikwa kwenye kamba dukani, punguza asilimia 15, kwa sababu ikiloa nguvu nayo inapungua.

Kamba ya poliesta hainywi maji hata asilimia moja ya uzito wake, ukiipata, chukua. Ukibaki na nailoni, tafadhali, Jumamosi iwe siku ya kuloweka tu, kufunga iwe Jumapili.