Namba 14 na namba 4

Ndugu wahariri,

Juma hili mmetuuliza: «Kijana wa chuo akichafua mchezo uwanjani, nani ajibu: yeye mwenyewe, kocha wake, au chuo kilichomvalisha jezi?» Mimi ni mkaaji wa Katuba, hapa Lubumbashi, na jibu langu nalitoa mapema nisiwazungushe. Ajibu yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, siku hiyohiyo, mbele ya watu walewale waliomwona. Kocha na chuo nao wana lao, nitalifikia. Lakini kijana akinyamaza, adhabu yoyote watakayopewa wengine haitajaza nafasi ya neno lake.

Hili sikulisoma mahali. Lilinipata uwanjani, tena vibaya.

Mwaka 2005 nilikuwa mwanafunzi katika chuo kimoja cha mjini, nikicheza basketi. Zama zile jezi zilikuwa na namba kuanzia 4 hadi 15, na mwamuzi aliionyesha meza ya waandishi wa mchezo kwa vidole namba ya aliyefanya fote. Fote ndilo neno letu huku; kwingine mnasema faulo. Mimi nilivaa 14. Mwenzangu mmoja, ambaye nitamwita Namba Nne tu, alivaa 4. Namba 14 ilionyeshwa kwa ngumi moja na vidole vinne vya mkono wa pili. Namba 4 ni vidole vinne, basi. Kilichotutenganisha mbele ya meza ni ile ngumi.

Ilikuwa Julai, baridi imekaza, vumbi jekundu limetanda juu ya saruji. Zilibaki kama dakika mbili, nasi tulikuwa mbele kwa pointi tatu. Kijana wa upande wa pili aliruka kwenda kikapuni, nami nikamsukuma kiunoni akiwa hewani. Nisiseme kwamba niliufuata mpira nikaukosa. Niliona kabisa kwamba siufikii, ndipo nikamsukuma. Alianguka kwa ubavu, na sauti ya mwili ule kwenye saruji naikumbuka mpaka leo. Chini ya kikapu tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Namba Nne aliyekuja kunisaidia kuzuia. Mwamuzi akapuliza filimbi, akaenda upande wa meza, akaonyesha namba. Mashabiki walikuwa wamesonga mpaka kwenye mstari, wanapunga mikono, wanapiga kelele. Mwandishi wa mezani aliviona vidole, ngumi hakuiona. Akaandika 4.

Namba Nne alikuwa tayari na fote nne. Ya tano unatoka, na hurudi tena.

Alifungua mikono, akamwambia mwamuzi, «Papa, si mimi.» Mwamuzi alikuwa amelisikia neno hilo tangu asubuhi, mchezo baada ya mchezo, kutoka kwa kila mtu. Akamwonyesha benchi. Hapo Namba Nne akanigeukia. Hakupaza sauti, hakuninyoshea kidole. Aliniangalia tu, akisubiri. Nami nikainama, nikaanza kufunga kamba za viatu.

Yule tuliyemwangusha aliinuka akijishika ubavu, akatupa mipira yake miwili ya adhabu, akafunga mmoja. Tulishinda kwa pointi mbili. Wanafunzi walitubeba mabegani, wakatununulia munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi.

Wengi wasiocheza hawajui kwamba kosa la kuandika fote linaweza kusahihishwa hata baada ya mchezo kwisha, mradi mwamuzi mkuu hajatia saini karatasi. Kwa hiyo nilikuwa na muda. Nilisimama hatua tatu kutoka meza ile, nikivaa suruali yangu juu ya kaptula, naiona kalamu, naiona karatasi, namwona mwamuzi akikagua mstari baada ya mstari. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: ilikuwa kumi na nne. Saini ikapita.

Juma lililofuata nilimwendea kocha wetu, nikamweleza. Yule mzee alikuwa mwema kwetu, alitulipia nauli mara nyingi kutoka mfukoni mwake, na ninamheshimu hadi leo. Aliniambia karatasi imekwisha kusainiwa, na mtu mwenye akili hafukui kaburi. Wazee wetu husema mficha uchi hazai. Siku ile nilifundishwa kinyume chake, na mtu niliyempenda, na nilifurahi kufundishwa hivyo kwa sababu kulinipunguzia mzigo.

Hapo ndipo ninapoona lawama ya kocha na ya chuo. Kijana haji uwanjani akiwa ameshajua kujificha. Sisi ndio tunaomfundisha. Anatusikia wakati wa mapumziko tukisema tumeonewa, hata pale ambapo wachezaji wetu wamechelewa kurudi nyuma mara sita mfululizo. Anaona mwenzake aliyesimamishwa michezo mitatu akirudishwa baada ya mmoja kwa sababu fainali ni Jumamosi. Anaona mjomba wa fulani akija na bahasha. Baada ya hayo tunamkemea kwamba hana uungwana, wakati uungwana wenyewe hakuuona kwetu.

Nikiwaambia vijana habari hizi napenda kuwarudisha mwanzo wa mchezo wenyewe, maana wanadhani basketi ilizaliwa na viatu vya bei. Desemba 1891, huko Springfield nchini Marekani, mwalimu James Naismith, mzaliwa wa Kanada, alikabidhiwa darasa la vijana waliokuwa wameshinda walimu wengine. Aliambiwa awatafutie mchezo wa kuchezwa ndani wakati wa baridi. Akatundika vikapu viwili vya matunda, akaandika kanuni 13. Angalieni ya tano. Ukimsukuma mtu, ukimshika au ukimpiga, ni fote; ukirudia, unatoka mpaka kikapu kingine kifungwe; na ikionekana ulitaka kumuumiza, unatoka mchezo wote na hakuna wa kuingia mahali pako. Wenzako wabaki pungufu kwa ajili yako. Na upande mmoja ukifanya fote tatu mfululizo kabla wapinzani hawajafanya hata moja, wapinzani wanahesabiwa kikapu. Yaani tangu siku ya kwanza, kosa la mmoja lililipwa na wote. Leo ni hivyohivyo kwa njia nyingine: timu ikishafikisha fote nne katika robo moja, fote ya ulinzi inayofuata inampa mpinzani mipira miwili ya adhabu, hata kama aliyeifanya ndiyo yake ya kwanza siku hiyo.

Kwa hiyo anayesema «fote yangu ni shauri langu» hajaujua mchezo anaoucheza.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi mchezaji aungame kila mguso. Basketi ni mchezo wa miili karibu na karibu, na hizo fote nyingi ni za kazi: umechelewa nusu hatua, mkono umegusa mkono. Hata ile ya kusimamisha saa mwishoni mwa mchezo, unayemgusa kwa makusudi lakini kwa adabu, ukicheza mpira, siiiti aibu. Kwa hizo mwamuzi yupo na filimbi anayo; kazi yako ni kuinua mkono akikuita, ukae kimya, urudi kulinda. Ninaposema kujibu, nasema juu ya mambo mawili. La kwanza, umemwangusha mtu ukijua: nenda umwinue wewe, si mwenzako, na umwambie. La pili, mwingine analipa deni lako. Na hili la pili ndilo kubwa kwangu, kwa sababu la kwanza watu wote wameliona, na la pili mara nyingi mnalijua wawili tu.

Vijana wangu, maana siku hizi Jumamosi nasaidia kuifundisha timu moja ya wanafunzi, wanampenda sana marehemu Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa aliyefariki Septemba 2024. Wanaiga kile kidole. Akizuia mpira alikipunga kidole mbele ya uso wa mpinzani: hapana, si nyumbani mwangu. Wasichokijua ni kilichofuata. Ligi ya Marekani ilihesabu kwamba hiyo ni dharau, ikaanza kutoa fote ya kiufundi kwa anayempungia mpinzani. Mutombo hakuacha furaha yake, ila aligeuka, akawapungia mashabiki. Kila mara namwonyesha kijana hapo: kanuni ilimgusa yeye, mtu mkubwa namna ile, naye akajirekebisha. Tena huyo alikwenda Georgetown kwa nia ya kusomea udaktari, akatoka na shahada ya isimu na diplomasia, na mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ikafunguliwa. Kidole ni kitu kidogo sana katika maisha yake.

Wa hapa kwetu Lubumbashi wanamtaja zaidi Oscar Tshiebwe, aliyezaliwa mji huuhuu. Mwaka 2022 alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Machi ya mwaka huo, katika raundi ya kwanza ya mashindano makubwa, chuo chake cha Kentucky kilifungwa 85 kwa 79 katika muda wa nyongeza na Saint Peter's, chuo kidogo ambacho wengi walikuwa hawakijui. Tshiebwe alifunga pointi 30 na kudaka mipira 16 iliyokosa kikapu. Namtaja kwa sababu katika timu yangu, tukifungwa, hakosi wa kusema, «Mimi zangu ishirini nimeweka.» Hesabu ya namna hiyo ni ya kunawa mikono. Kama 30 na 16 havikuitoa Kentucky katika kushindwa, ishirini zako zinamtoa nani? Tshiebwe msimu uliofuata alirudi kuvaa jezi ya chuo kilekile.

Mzazi mmoja aliniambia, «Mwalimu, unawafanya watoto wetu mbuzi kati ya chui. Wengine hawatasema ukweli, na sisi tutafungwa kila siku.» Nilimjibu kwa upole, kwani hofu yake naijua. Ndiyo, kuna siku tutafungwa kwa sababu hiyo. Nimekwisha kuziona mbili. Ila kuna jambo lingine nililoliona: mwamuzi akizoea kwamba timu hii ikikosea inainua mkono, siku mmoja wao akisema «papa, si mimi», anasimama, anawauliza wenzake, anaiangalia karatasi tena. Namba Nne hakupata hilo mwaka 2005, kwa sababu sote tulikuwa tumelitumia neno lile mpaka likaisha nguvu.

Nilikutana na Namba Nne mwaka juzi kwenye kilio cha rafiki yetu, mtaani Kamalondo. Anafanya kazi Kolwezi sasa, ana watoto wanne. Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema, usiku, wakati wanakwaya wanapumzika. Ni mkubwa wangu kwa miaka miwili, nikamwita yaya, yaani kaka mkubwa kwa lugha yetu ya huku, nikamwambia, «Yaya, kuna jambo la zamani nataka kukuomba msamaha.» Hakuniacha nimalize.

«Fote ya tano,» alisema.

Nikamwuliza kama alijua ni mimi. Akasema alijua palepale, lakini hilo la kusukuma halikumuuma, kila mtu husukuma. Kisha akasema, «Nilikuona unafunga kamba. Zilikuwa zimefungwa.»

Hakunikasirikia. Alinimiminia chai, tukazungumza habari za watoto. Mimi nilirudi Katuba kwa miguu usiku ule, njia nzima.

Tangu hapo tumeweka desturi ndogo katika timu yetu. Mchezo ukiisha, kabla mwamuzi mkuu hajatia saini, kapteni anageukia benchi na kuuliza: «Kuna fote iliyoandikwa kwa asiye mwenyewe?» Tumeuliza hivyo kila mchezo, na karibu kila mara hakuna. Vijana walichoka kuuliza, wengine wakaanza kulisema haraka kama sala ya chakula.

Mwezi wa nane uliopita tulifungwa kwa pointi tisa. Kapteni akauliza kwa haraka ileile, hali ameshaanza kuvua jezi. Kijana mmoja wa mwaka wa pili, mpole, ambaye huingia dakika chache tu, akainua mkono. Alisema ile fote ya robo ya tatu iliyoandikwa kwa kapteni mwenyewe ilikuwa yake. Mchezo ulikuwa umekwisha, tumefungwa, na hakuna kitu ambacho kingebadilika isipokuwa namba moja kwenye karatasi. Kapteni alimwangalia kidogo, akamshika bega, wakaenda mezani wote wawili. Mwamuzi mkuu alikuwa ameshaifungua kalamu. Aliwasikiliza, akamwita mwenzake wa filimbi, naye akakumbuka, akatikisa kichwa kukubali. Wakaifuta pale, wakaiandika kwa mwenyewe, ndipo akatia saini.